Kura Moja Ubaoni

Nawaambia bila haya: hakuna mtu aliyewahi kufagia kituo chetu cha redio kwa akili kama zangu. Waliowahi kukifagia ni wawili tu, na yule mwingine aliacha kazi akaenda kusomea ualimu.

Kituo chenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la misumari na rangi. Chumba cha ndani ndiyo studio, humo anakaa mtangazaji wetu na kipaza sauti chake. Jina lake analo, lakini mji mzima unamwita Sauti, kwa sababu ukimwona hivi mwembamba huwezi kuamini kwamba ule mngurumo unatoka humo. Chumba cha nje ni changu: kina simu, benchi, birika, ndoo yangu na ubao mweusi uliosimamishwa kuelekea studio. Katikati ya vyumba hivi viwili kuna kioo kikubwa. Nakifuta kila asubuhi, na Sauti anakitia alama za vidole kila mchana.

Ule ubao una sababu yake. Uchaguzi wa nyuma Sauti alikuwa akisoma matokeo kwenye karatasi. Feni ikapuliza, karatasi zikapeperuka, akaziokota akazipanga kwa haraka, na matokeo ya mji wa Relini akawapa watu wa mji wa Machimboni. Bwana mmoja wa Machimboni aliyekuwa ameanguka vibaya akasikia redioni kwamba ameshinda. Akachinja, akaalika mtaa mzima, wakala mpaka jogoo la kwanza. Asubuhi ndipo akaambiwa. Chakula kikishaliwa hakirudi jikoni.

Toka siku hiyo Sauti akaapa: karatasi basi. Utaratibu ukawa huu. Jimbo letu lina miji kumi na mmoja, na kila mji una mwandishi wetu anayepiga simu matokeo yakitoka. Simu inapokewa chumba cha nje. Matokeo yanaandikwa ubaoni kwa chaki, kwa namba kubwa. Sauti anayasoma kupitia kioo moja kwa moja hewani. Akimaliza anagonga kioo kwa pete yake mara mbili, ko-ko, ndipo ubao unafutwa kwa tambara bichi na kuandikwa mji unaofuata.

Msichana wa kuandika alikuwepo, lakini mwezi huo alikuwa amejifungua. Sauti akanitazama mimi.

"Bibi, wewe mwandiko wako unasomeka."

"Darasa la saba la zamani, mwanangu. Tulikuwa tunachapwa kwa kila namba iliyoinama."

"Lakini sikiliza. Bila kugongwa, usiguse ubao. Hata nyumba ikiungua."

"Nyumba ikiungua mimi ndiye nitakayeulizwa ndoo iko wapi."

"Bibi!"

"Nimesikia. Ko-ko, kisha nafuta."

Sasa, usiku ule haukuwa usiku wa kazi tu kwangu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, alikuwa anagombea udiwani wa kata yetu. Miaka kumi na mmoja alikuwa msomaji wa mita wa idara ya maji. Anazijua nyumba zote, anajua bomba gani linavuja na mbwa gani anauma. Sheria yao inasema mfanyakazi wa idara akitaka kugombea, kwanza aache kazi. Akaacha. Alirudisha sare, buti na tochi, akatia sahihi, na kiti chake kikapewa mtu mwingine siku ya pili. Kwa hiyo akishinda ni diwani, akishindwa ni mama wa nyumbani mwenye miguu inayojua njia ya kila mita na haina pa kwenda. Yeye mwenyewe hakulisema hilo hata mara moja. Lakini wiki mbili za mwisho kabla ya uchaguzi alikuwa akiamka alfajiri ile ile ya kazi, anavaa, halafu anakaa kitandani akiwa amevaa.

Mpinzani wake alikuwa Bwana Nyama, mwenye bucha ya kona. Mtu mzuri, simsemi vibaya, anakata mfupa vizuri. Tabu ni kwamba ndiye anayecheza dama na mume wangu kila jioni kwa miaka ishirini na mitano. Basi mzee wangu, mwashi mstaafu, mtu wa kupima kila kitu kwa timazi, akapima na hili. Akatangaza mbele ya Bwana Nyama, mbele ya mkwe, mbele ya mtaa:

"Nikimpa mkwe, nakosa wa kucheza naye dama. Nikimpa Bwana Nyama, nakosa chakula cha jioni. Mimi siku hiyo nakaa nyumbani, sipigi kura. Nimeapa."

Jamani, nilimsema! Nilimsema asubuhi, nikamsema mchana, nikaweka akiba ya usiku. Mtoto wa watu ameacha mshahara, na baba mkwe ameshindwa kunyanyua kidole?

Vidole, ndiyo. Kwetu ukipiga kura wanakuchovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye wino wa zambarau, hauondoki wiki nzima hata ukifua mablanketi. Jioni ya uchaguzi nilifika kazini mapema, nikashuka kuchota maji ya ndoo, na nilipopanda tena cha kwangu kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye kiungo. Nilikinyanyua juu tangu ngazi ya kwanza. Mlinzi wa mlangoni alikiona, muuza misumari alikiona.

Sauti alikuwa anatafuta kitu kwenye droo.

"Nani ameacha kidau cha muhuri wazi, hiki chenye sifongo la wino? Wino wote utakauka."

"Labda panya," nikasema.

"Panya anafungua kifuniko?"

"Panya wa redio, mwanangu. Wamesikia mengi."

Saa moja usiku simu ya kwanza ikalia. Ilikuwa Darajani. Meya wao wa zamani amerudi, kura elfu nane na kitu. Nikaandika, Sauti akanguruma, ko-ko, nikafuta. Halafu Kiwandani, ambako wagombea wawili waliitwa jina moja na mwandishi wetu akalazimika kuwatofautisha kwa urefu. Sauti akasoma hivyo hivyo hewani, "Mrefu, elfu tatu mia nne, Mfupi, elfu mbili mia tisa." Mfupi akapiga simu kulalamika. Hakulalamikia kura, alilalamikia kipimo.

Mkwe na mzee wangu walikuja saa mbili na nusu, kwa sababu nyumbani umeme ulikatika na hapa ndipo matokeo yanapofika kwanza. Walikaa kwenye benchi. Mkwe alikuwa amekunja mikono kama anangoja daktari. Mzee alikuwa amevaa koti lake la sherehe, mkono wa kushoto ndani ya mfuko.

Nikawapa chai. Mzee akapokea kwa mkono mmoja.

"Mkono mwingine umefungiwa nini?"

"Baridi," akasema.

"Baridi ya upande mmoja?"

"Upande wa moyo, mke wangu. Unaoishi na wewe."

Mkwe akacheka kidogo, cheko la kwanza siku hiyo. Mimi nikapata nguvu. Nikanyanyua kidole changu mbele ya pua ya mzee.

"Kiangalie hiki. Hiki kilisimama foleni. Hiki kina magoti mabovu na shinikizo la damu, lakini kilisimama. Wewe chako kiko wapi? Kilikuwa kinasukuma kete za dama?"

"Nilisema nakaa nyumbani."

"Tukishindwa kwa kura moja nitakuamsha kila usiku nikuhesabie. Moja. Kisha naanza tena. Moja."

"Mama, mwache Baba," mkwe akasema. "Kila mtu na moyo wake."

"Moyo anao. Kidole ndicho kimelala."

Mzee akanywa chai yake, akatazama dari kama anayekagua lipu. Mwanaume yule ana kipaji cha kutosemwa. Unamsema, maneno yanateleza kama maji kwenye kigae.

Simu haikupoa. Relini, Machimboni, Mpakani. Machimboni yule bwana aliyechinja safari ile alishinda kweli safari hii, akamwambia mwandishi wetu kwamba hasherehekei mpaka aione karatasi, aishike, aiweke chini ya mto na alale nayo siku tatu. Nilikuwa nafuta kwa mkono wa kulia na kuandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto sikuulowesha hata kidogo, niliuweka juu kama bendera. Sauti alinionyesha dole gumba kutoka ndani. Kusema kweli nilikuwa na raha. Miaka yote nafagia chini ya matangazo ya watu wengine, na usiku ule jimbo zima lilikuwa linasikia namba zangu kabla halijalala.

Saa nne ikapigwa simu ya mji wetu. Kata yetu ina vituo vinne, na vitatu vilikuwa vimehesabiwa. Nikaandika: Bwana Nyama 934. Mkwe 881.

Sauti akasoma. Ko-ko. Nikafuta polepole kuliko nilivyofuta miji mingine.

"Hamsini na tatu," mkwe akasema. Anajua hesabu, amesoma mita maisha yake. "Amenizidi hamsini na tatu."

"Bado kituo cha shule ya msingi," nikamwambia. "Shuleni ndipo mtaani kwetu. Pale wewe ndiye uliyewaambia bomba lao limepasuka kabla hawajapelekewa bili kama ya bahari nzima."

"Na bucha ya Bwana Nyama iko wapi, Mama? Si hapo hapo?"

Nikamwongezea sukari. Mzee akamwangalia, akaweka mkono wake wa kulia juu ya bega la mkwe, akauacha hapo. Wa kushoto bado mfukoni. Nikaona, nikafunga mdomo, na wanaonifahamu wanajua kufunga mdomo kwangu ni kazi ya mafundi wawili.

Mkwe akaanza kuzungumza peke yake, taratibu, kama anayesoma orodha. "Nikikosa huku, kule idara hawanichukui. Mkuu alishasema. Labda nitauza mboga. Miguu nimezoea kutembea."

"Utatembea kwenda kwenye kikao cha halmashauri," mzee akasema.

"Baba, wewe hata kura hukunipa."

Aliisema bila ubaya, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ni aibu. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Saa sita kasorobo simu ikalia. Niliijua kabla sijainua. Mwandishi wetu alikuwa anapiga kelele kwa sababu ukumbini kwao kulikuwa na kelele.

"Bibi, andika! Kata yenu, jumla, vituo vyote vinne!"

Nikashika chaki. Akasoma, nikaandika. Namba kubwa, hazikuinama hata moja. Nikaweka simu chini, nikarudi hatua moja nyuma ili nisome nilichoandika, maana mkono ulikuwa umeandika bila mimi.

Mkwe 1208. Bwana Nyama 1207.

Nikapiga kigelegele. Mkwe akasimama, chai ikamwagika sakafuni. Mzee akajipiga paja kwa mkono mmoja, pa! pa! Na hapo ndipo yakatokea. Mtu aliyefuta ubao usiku kucha, akiona namba zimekamilika, na aliyefuta vumbi miaka kumi na tisa, akiona chaki inadondoka, mikono yake haingoji ruhusa. Niliinamia ndoo, nikachukua tambara kwa mikono yote miwili, nikalikamua, nikafuta ubao kutoka juu mpaka chini. Ukang'aa.

Kisha nikageuka kumwangalia Sauti.

Alikuwa amekaa nyuma ya kioo, mdomo wazi, pete hewani. Alikuwa amefika "…na sasa, wasikilizaji, kata iliyosubiriwa…" Hakugonga. Hakuwa amesoma kitu, maana mgongo wangu ulikuwa umemziba ubao.

Redio ikanyamaza. Jimbo zima, miji kumi na mmoja, likasikiliza kimya chetu. Kisha akaweka muziki, akatoka mbio.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Nakumbuka! Nakumbuka zote! Mkwe elfu moja mia mbili na nane, Bwana Nyama…"

"Wewe ni mama mkwe wake! Nitasimama hewani niseme mshindi ametangazwa kutoka kichwani kwa mama mkwe? Kwa tofauti ya kura moja?"

Kusema kweli alikuwa na haki. Ningekuwa Bwana Nyama ningepanda ngazi na kisu.

"Sisi wote tumeona," mzee akasema.

"Na wewe ni baba mkwe! Hapa hakuna shahidi asiyekula nyumba moja na mgombea!"

Akapiga simu kwa mwandishi. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba, viatu vyake kwenye chai, hajui acheke au alie. Alikuwa diwani kwa muda wa kufuta ubao. Nilitaka sakafu inimeze, ile sakafu niliyoipiga deki mwenyewe.

"Mama," akaniuliza polepole, "una hakika nane ilikuwa yangu? Haikuwa yake?"

Nikaanza kusema nina hakika, kisha nikaona sina. Mnajua jinsi unavyofunga mlango kila siku na siku moja, ukiwa mbali, hujui kama umeufunga? Ndivyo. Niliiona nane. Niliiona saba. Zikaanza kubadilishana viti kichwani mwangu.

Muziki ukaisha. Sauti akarudi ndani kuweka mwingine, wimbo mrefu, akatoka tena. Simu ikalia yenyewe. Akaiinua yeye mara hii, akaifungulia spika yake ili sote tusikie.

"Mbona hamtangazi?" mwandishi akauliza. "Watu huku wananiuliza kama redio imezimwa!"

"Rudia," Sauti akasema. "Soma kutoka kwenye fomu yenyewe iliyotiwa sahihi. Polepole."

"Bwana Nyama, elfu moja mia mbili na saba." Karatasi ikachakarika. "Mkwe wa Bibi, elfu moja mia mbili na nane. Mawakala wote wametia sahihi. Bwana Nyama mwenyewe yuko hapa, anasema anampa pongezi, na anasema mita ya buchani isomwe vizuri kuanzia leo."

Sauti aliandika mwenyewe ubaoni, kisha akaninyang'anya tambara akaenda nalo studio. Tukamsikia akinguruma, namba zikatoka, na mtaani chini mtu akapiga honi. Ko-ko, akagonga kioo, kwa heshima tu, maana tambara alikuwa nalo yeye.

Mkwe akakaa chini sakafuni, kwenye ile chai, akacheka mpaka machozi yakatoka. Nikamkumbatia. Nikamwambia kesho akiamka alfajiri, akivaa, asikae kitandani.

Halafu, mimi ni mimi. Nikasimama mbele ya mzee wangu, nikanyoosha mkono wa kushoto juu kabisa.

"Kura moja! Mmesikia? Kura moja! Na kura hiyo ni hii hapa! Wengine wamekaa nyumbani na dama zao, lakini hiki kidole…"

Nikaona mkwe ameacha kucheka. Alikuwa anakitazama kidole changu. Nikakitazama na mimi.

Kilikuwa cheupe. Safi. Kimetakata kama cha mtoto aliyetoka kuoga, na maji ya ndoo yangu yalikuwa na rangi ya zambarau.

"Mama," mkwe akasema, "wino umekwenda wapi?"

"Wino wa siku hizi," nikasema, "wanauchanganya maji. Ndiyo hayo mambo ya halmashauri ambayo wewe sasa utayaangalia."

Mzee akainuka. Taratibu kabisa, kama anayetoa tofali kwenye ukuta bila kuuangusha, akatoa mkono wake wa kushoto mfukoni. Kidole kidogo kilikuwa cha zambarau, cheusi kwenye ukucha. Akainama, akakitia kwenye ndoo yangu, akakisugua kwa sabuni yangu, akakitoa, akakifuta kwenye aproni yangu. Kilikuwa vile vile.

"Baba!" mkwe akasema. "Ulisema umeapa!"

"Niliapa. Nitamwomba radhi Bwana Nyama kesho, kabla ya dama." Akanigeukia. "Nilikuwa wa nne kwenye foleni, alfajiri. Niliporudi kuchukua kofia niliyoisahau, saa saba mchana, nilimwona bibi mmoja kwenye kile kiti wanachowapa wazee, karibu na ukuta. Mdomo wazi. Anakoroma. Saa kumi nilipita tena, wanakunja meza. Bado anakoroma."

Kiti kile kilikuwa na mto, jamani. Nani anaweka mto kwenye kituo cha kura?

Mlango wa studio ukafunguka. Sauti akatoka na kidau cha muhuri mkononi, akakinyanyua kwenye taa tukione sote. Katikati ya sifongo lake, lililokauka na ule wino wa zambarau, kulikuwa na shimo moja, la mviringo, la kina, na mistari yake yote, kubwa sawasawa na kidole kidogo cha mwanamke aliyefagia miaka kumi na tisa.

Mzee wangu akalitazama shimo. Akanitazama mimi.

"Huyu panya wako," akauliza, "alipiga kura kituo gani?"